Nimeondolewa taarifa ya usiku baada ya miaka 11. Je, nimekwisha?

"Nasoma taarifa ya habari ya usiku katika kituo cha televisheni cha mkoani kwetu, na huu ni mwaka wa 11. Kabla ya hapo nilikuwa ripota miaka 4. Mwezi uliopita mkuu mpya wa habari aliniita akaniambia nitahamia kipindi cha asubuhi, na kwenye kiti changu atakaa kijana wa miaka 26 mwenye wafuasi wengi mitandaoni. Mimi nina miaka 41. Mkataba wangu umebakiza miezi mitano. Kuna kituo cha kitaifa kimeniuliza kama naweza kujiunga nao, lakini kama ripota, sio msomaji. Marafiki wananiambia kwenda kuripoti ni kurudi nyuma, wengine wanasema nitafute kazi ya uhusiano wa umma nipumzike. Halafu sauti yangu inakwaruza, huu ni wiki ya sita, na kila nikimaliza taarifa koo linauma. Naogopa kumwambia mtu kazini. Je, mimi nimekwisha? Nichague lipi?"

Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Nimekaa kwenye vyumba vya habari karibu miaka 30: nimekuwa ripota, nimesoma taarifa, nimewahi kuondolewa kwenye kiti kama wewe, na baadaye nikawa mkuu wa habari nikawaondoa wengine. Sasa nafundisha watangazaji. Kwa hiyo meza uliyoitiwa naijua pande zote mbili. Unachoniuliza ni kiti, sauti umeitaja mwishoni kama nyongeza. Mimi naanza na sauti, kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili.

Sauti inayokwaruza zaidi ya majuma manne bila kupona ni ya kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Wewe uko wiki ya sita. Atapitisha kamera nyembamba puani au mdomoni aziangalie nyuzi za sauti kwa macho, kazi ya dakika chache. Bila kuziangalia hakuna awezaye kukuambia kama ni uvimbe wa kuchoka, vinundu, asidi inayopanda kutoka tumboni au kitu kingine. Mimi siwezi, na yule fundi mitambo wenu anayejua dawa ya kila koo hawezi. Ukikohoa damu, pumzi ikibana, kumeza kukiwa kwa shida au ukigusa uvimbe shingoni, usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Nikueleze kinachotokea huko ndani, maana watangazaji wengi tunaishi kwa kiungo ambacho hatujawahi kukiwaza. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ya nyama laini. Mwanamke anapozungumza kwa kawaida, mikunjo hiyo hugongana takriban mara 200 kwa sekunde. Kwa mwanamume ni mia moja na kitu. Piga hesabu ya dakika kumi tu za sauti yako mfululizo: migongano kama 120,000. Ngozi laini inayogongwa hivyo kila usiku huvimba kidogo, kisha hupona usingizini. Ikikosa nafasi ya kupona, uvimbe unakaa, sauti inakuwa nzito, nawe unaisukuma zaidi ili itoke safi, na kuisukuma huko ndiko kunazidi kuiumiza.

Kuna kitu kingine ambacho nadhani kinakuhusu. Mwaka 1911 daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akisikia kelele hupandisha sauti yake bila kujijua. Sasa fikiria kile kifaa cha sikioni. Prodyusa anahesabu sekunde, mwongozaji anawaita wapiga kamera, ripota wa nje anauliza kama anasikika, na wewe unasoma juu ya hayo yote. Unadhani unazungumza kawaida, kumbe unapiga kelele kwa adabu. Mwambie fundi sauti apunguze kinachoingia sikioni, na akurudishie kidogo sauti yako mwenyewe. Nimeona watu wakipata nafuu kwa hilo tu, ingawa halikuondolei miadi ya daktari.

Na yale tunayoshauriana vyumba vya nyuma? Kunong'ona hakupumzishi sauti. Wengi wakinong'ona hukaza koo zaidi. Kukohoakohoa ili kusafisha koo ni kuzigonganisha nyuzi hizo kwa nguvu. Kinywaji cha moto kinaweza kukuliwaza, lakini hakigusi nyuzi za sauti, kwa sababu unapomeza, njia ya hewa hujifunga ili kisiingie. Kinachosaidia ni maji ya kutosha siku nzima, kunyamaza kwa kweli, kukaa mbali na moshi, na mazoezi utakayopewa na mtaalamu wa tiba ya sauti baada ya daktari kuona kilichopo.

Kuhusu kuogopa kumwambia mtu kazini: usitangaze kabla hujajua una nini, lakini ukishapata karatasi ya daktari, ipeleke. Karatasi yenye tarehe inakulinda. Bila hiyo, miezi mitano ijayo mtu anaweza kuandika kwamba ulihamishwa kwa sababu sauti ilikwisha, nawe huna cha kujibu. Daktari akikwambia unyamaze wiki mbili, nyamaza hizo wiki mbili. Taarifa itasomwa na mwingine, watazamaji watauliza uko wapi, na hilo nalo si baya.

Haya, sasa kiti.

Unauliza kama umekwisha, na ndani ya swali hilo kuna imani ambayo karibu kila msomaji habari anayo: kwamba kiti cha taarifa ya usiku ni kilele cha kazi, unakifikia kwa ubora na unakipoteza kwa ubovu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kiti hicho ni cha kuazima. Mwenyewe ni kituo. Alikukopesha kwa hesabu zake, na anakitaka kwa hesabu zake.

Hesabu zenyewe ni hizi. Kituo cha eneo kinauza matangazo ya biashara, na bei ya tangazo inategemea ni wangapi wanaangalia saa ile, na ni watu wa aina gani. Wauzaji wengi wa bidhaa wanawataka watazamaji wenye umri wa kati kushuka chini, ambao ndio wanaozidi kuhamia kwenye simu. Upande wa matumizi, mshahara wa msomaji aliyekaa miaka 11 huwa miongoni mwa mikubwa kwenye chumba cha habari. Katikati ya hesabu hizo mbili anaingia mkuu mpya. Hawezi kununua kamera mpya mwaka wa kwanza, hawezi kuongeza maripota, hawezi kubadilisha mnara. Kitu anachoweza kubadilisha kwa haraka na kila mtu akaona ni uso. Nilipokuwa mkuu wa habari nilifanya hivyo hivyo, na nakiri kwamba mara moja kati ya hizo sikuwa na sababu yoyote ya kitaaluma. Nilitaka bosi wangu aone nimefika.

Mambo haya yana historia. Mwaka 1957 Frank Magid alianzisha huko Iowa, Marekani, kampuni ya utafiti ambayo baadaye ilipata jina kubwa kwa kuvishauri vituo vya maeneo juu ya kile ambacho watazamaji wanapenda, na ni nani wanampenda. Mwaka 1965, Philadelphia, mkuu wa habari wa kituo cha KYW, Al Primo, alianza mtindo wa Eyewitness News: badala ya mtu mmoja kusoma kila kitu mezani, maripota wenyewe walionekana wakieleza walichokiona. Mwaka 1968 akaupeleka New York, na vituo vingi vikauiga. Mtindo huo ulileta uhai kwenye taarifa za maeneo. Lakini tangu zama hizo mtangazaji amekuwa vitu viwili kwa pamoja, mwandishi wa habari na bidhaa inayopimwa, na anayekupima kama bidhaa mara nyingi hakuulizi ulivyo kama mwandishi.

Mtu aliyelipia ukweli huo hadharani ni Christine Craft. Aliajiriwa kusoma habari kituo cha KMBC, Kansas City, na mwaka 1981, baada ya utafiti kwa watazamaji, akaambiwa anashushwa. Kwa maelezo yake, aliambiwa amezeeka, havutii, na hawanyenyekei wanaume. Alikuwa na miaka 36. Alishtaki. Jopo la raia mahakamani lilimpa dola 500,000 mwaka 1983, hakimu akaitengua hukumu hiyo, jopo la pili likampa dola 325,000 mwaka 1984, mahakama ya rufaa ikaifuta mwaka 1985, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Baadaye akasomea sheria akawa wakili. Nakusimulia hili nikiwa na jambo mahususi kichwani. Umeniandikia kwamba wewe una 41 na kijana anayechukua kiti chako ana 26, kama vile namba hizo zinajieleza. Labda ni umri, labda sio. Ukihisi ni umri au jinsia, iandike kila kauli uliyoambiwa, tarehe na nani alikuwepo, kisha mwonyeshe wakili wa masuala ya kazi, maana sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Ila usiingie vitani ukidhani kushinda ni rahisi. Craft aliwashawishi raia mara mbili na bado akatoka mikono mitupu.

Mfano wa pili unaujua nusu. Oprah Winfrey alikuwa msomaji habari wa kituo cha eneo. Mwaka 1976 alitoka Nashville akaenda Baltimore, kituo cha WJZ, kusoma taarifa ya saa kumi na mbili jioni akiwa na mwenzake. Haikwenda vizuri, na mwaka uliofuata akaondolewa kwenye kiti hicho. Mwaka 1978 wakamweka kwenye kipindi cha mazungumzo cha asubuhi, ambacho wakati ule kilionekana ni mahali pa kumhifadhi mtu ambaye mkataba wake haujaisha. Sihitaji kukumalizia. Sikwambii utakuwa Oprah. Wengi wanaohamishiwa asubuhi hawawi Oprah. Nakwambia kwamba waliomhamisha hawakujua walichokuwa nacho, ingawa walimwangalia kila siku.

Basi tupime ulivyonavyo mkononi.

Kipindi cha asubuhi kwanza. Taarifa ya usiku ni nusu saa ya maandishi yaliyokwisha kuhaririwa. Asubuhi ni saa mbili au tatu za kuongea, kuhoji, kurukia habari iliyotokea usiku wa manane na bado haina picha. Ni kazi ngumu zaidi ya utangazaji, na watu wa usiku wanaidharau kwa sababu hawajaifanya. Watazamaji wa asubuhi hukuangalia kila siku wakivaa na kuamsha watoto, hivyo wanakuzoea kwa haraka. Vituo vingi vya maeneo Marekani vimerefusha habari za asubuhi hadi vinaanza saa kumi na nusu alfajiri, na visingefanya hivyo kama hakuna mtu anayeangalia.

Gharama yake ni mwili. Utaamka saa nane usiku. Utalala watoto wakiwa bado wanacheza. Na sauti nayo, mdogo wangu: mtu akiamka, nyuzi za sauti huwa zimevimba kidogo kwa sababu ya kulala saa nyingi, ndiyo maana sauti ya alfajiri ni nzito. Mwenye koo zima huipasha moto dakika kumi kwa kupuliza mrija ndani ya glasi ya maji huku akitoa sauti. Mwenye vinundu akiisukuma saa hiyo anajimaliza. Ndiyo sababu nilikupeleka kwa daktari kabla ya kujadili asubuhi.

Huyo kijana wa miaka 26, usimfanye adui. Wafuasi wa mtandaoni si lazima wawe watazamaji wa taarifa. Anayekupenda kwa video ya sekunde 40 hajaahidi kukaa nusu saa. Hata hivyo usijidanganye kwamba wafuasi hao ni upepo. Wakuu wa vituo wanawahesabu kwa sababu ni hadhira ambayo mtu anakuja nayo mlangoni. Wewe una nini unachokuja nacho? Unacho, ila hujakitaja popote katika barua yako. Miaka 15 kwenye eneo moja. Unajua ni ofisa gani hupokea simu na yupi husema ukweli, barabara ipi hukatika mvua ikinyesha, familia ipi ilipoteza watu kwenye ajali ya mwaka ule. Don Alhart wa Rochester, jimbo la New York, aliingia kituo chake mwaka 1966 akastaafu mwaka 2024, kituo kile kile. Miaka 58. Huwezi kumweka mtu mwingine pale ukapata kitu hicho hicho, hata awe na sura gani.

Hapo ndipo naipima ofa ya kituo cha kitaifa. Marafiki wako wanasema kuripoti ni kurudi nyuma. Naona wamekosea, na nitasema kwa nini, kwa sababu hili ndilo ninalolifundisha kuliko yote. Kusoma ni ustadi wa mwisho kupakwa juu ya kazi. Kazi yenyewe ni kwenda, kuuliza, kuhakiki, kuandika. Msomaji aliyekaa miaka 11 bila kuripoti hubaki na sauti na sura, na vitu hivyo viwili ndivyo umri unavyovigusa kwanza. Ripota wa miaka 55 anaheshimiwa. Wakuu wa habari wanapokata watu, anayesoma tu ni rahisi kumbadilisha. Anayeleta habari ambayo hakuna mwingine ameipata ni vigumu, kwa sababu akiondoka habari zinaondoka naye.

Lakini usikubali kwa kichwa kichwa. Kabla ya mshahara, waulize utakaa wapi. Wakikupeleka makao makuu kuripoti mambo ya jumla, utakuwa mgeni mwenye miaka 41 kati ya vijana wanaojua jiji lile kuliko wewe, na hazina yako yote umeiacha nyumbani. Wakikubali uwe mwakilishi wao wa eneo lako, wamenunua kile ambacho wewe tu unacho. Kama mimi ni wewe, hiyo ndiyo ofa ningeipigania, kuliko asubuhi, na kuliko hata kurudishiwa kile kiti cha usiku. Wakikataa kabisa, basi napendelea asubuhi yenye masharti yaliyoandikwa: mkataba wa miaka miwili au zaidi, na siku moja kila wiki ya kutoka na kuripoti. Ukiipata siku hiyo moja ndani ya kituo chako, umepata nusu ya faida ya ofa ile nyingine bila kuhama nyumba.

Uhusiano wa umma ni kazi halali, hulipa kwa wakati na haikuamshi saa nane. Sitaidharau. Ila uielewe: mlango ule hufunguka vizuri ukienda, ukirudi unakwama. Ukishasema kwa niaba ya kampuni au ofisi fulani, siku utakayorudi kusoma habari zake kuna mtazamaji atakayekumbuka. Wapo wanaorudi, wengi hawarudi. Nenda kama unaitaka kazi hiyo. Kwenda kwa sababu umechoka na koo linauma ni kuamua maisha kwa ushauri wa koo bovu. Na kama umeanza kuongea na waajiri wa huko, usisome habari zinazowahusu hata siku moja. Mwambie mhariri wako ampe mwingine.

Sasa toa mkataba wako kabatini usome ukiwa na kalamu. Tafuta kama cheo na muda wa kipindi vimetajwa. Kama imeandikwa "msomaji wa taarifa ya usiku", kukuhamisha bila maelewano kunaweza kuwa kuvunja mkataba. Kama imeandikwa "mtangazaji, na kazi nyingine atakazopangiwa", hapana. Tafuta kipengele kinachokuzuia kufanya kazi kwa mshindani baada ya kuondoka, kinazuia kwa muda gani na eneo gani, kwa sababu ndicho kinachoweza kuiua ofa ya kituo cha kitaifa kabla hujaijibu. Angalia kama mkataba hujirefusha wenyewe usipotoa taarifa kabla ya tarehe fulani. Miezi mitano inaonekana mingi, lakini notisi ya siku 90 hula mitatu. Baadhi ya mikataba inakiruhusu kituo kikulipe mpaka mwisho bila kukuonyesha hewani, jambo ambalo linasikika kama likizo mpaka ukumbuke kwamba mtangazaji asiyeonekana anasahaulika. Na akaunti za mitandao zenye jina la kituo, ni za nani? Mlipie wakili saa moja asome haya na wewe, ana kwa ana. Kabla ya hapo usitie sahihi kitu chochote, hata kile wanachokuita barua ya kukujulisha tu.

Wakati bado una ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi ya video, omba nakala za kazi zako kwa utaratibu unaokubalika hapo kituoni. Usiondoke na video kinyemela. Kanda ya kujitambulisha kwa mwajiri iwe dakika chache tu, na ianze na wewe ukiwa nje, kwenye tukio, ukiongea bila karatasi. Anayetafuta ripota akiona sekunde 30 za kwanza ni meza na taa nzuri, anaendelea na kanda inayofuata.

Na hilo la kuongea bila karatasi lina tatizo lake kwako. Teleprompta ni kioo kilicholazwa nyuzi 45 mbele ya lenzi. Maandishi yanatoka kwenye skrini iliyo chini, kioo kinayarudisha kwako, nayo kamera inakuona kupitia nyuma ya kioo bila kuyaona. Miaka 11 umeangalia kioo hicho. Kinamfanya mtu awe na macho makavu na ulimi mvivu, na ninasema hivyo kwa upendo kwa sababu kilinifanya hivyo hivyo. Daktari akishakuruhusu kutumia sauti, jipime nyumbani. Chukua habari ya leo, isome mara moja, iweke chini, simama mbele ya simu inayorekodi na uieleze kwa dakika moja. Mara ya kwanza utajikwaa sekunde ya kumi na tano. Usiifute, itazame, urudie kesho na habari nyingine. Kwa watu niliowafundisha, wiki tatu hivi za kila siku zilitosha ulimi ukaamka. Bila hilo, kipindi cha asubuhi kitakuumbua wiki ya kwanza, na mahojiano ya kazi ya ripota yatakuumbua dakika ya kwanza.

Kama usiku hulali, kama unalia garini kabla ya kuingia kazini, au unaona huna sababu ya kuamka, hayo nayo yana mtaalamu wake, na kumwona mshauri wa afya ya akili si aibu kwa mtu ambaye uso wake ulikuwa mali ya umma kwa miaka 11. Kuna huzuni ya kweli katika kupoteza kiti. Mimi ilinichukua karibu mwaka kuacha kuangalia saa jioni.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini lishughulikie wiki hii. Siku nilipoondolewa mimi, kituo hakikusema lolote. Ijumaa nilisoma, Jumatatu akasoma mwingine, akaanza na "habari za jioni" kama vile alikuwepo tangu zamani. Miezi kadhaa baadaye mzee mmoja alinikuta kwenye foleni, akanishika mkono kwa nguvu, akabaki ananitazama. Alikuwa amesikia nimefariki. Alikuwa ameniombea. Kwa hiyo muombe mkuu wako, kwa maandishi, sekunde 40 mwishoni mwa taarifa yako ya mwisho. Mwandikie kabisa sentensi nne utakazosema: kwamba hii ni taarifa yako ya mwisho ya usiku, kwamba unashukuru, utakapoonekana tena kama panajulikana, na usiku mwema. Akiona hakuna malalamiko ndani yake, mara nyingi atakubali, maana hata yeye hataki simu za watu wanaouliza kama uko hai.